Mvua Kumi na Saba

Huku Valdivia vitabu huugua mapafu.
Kiache kimoja dirishani wiki mbili za Juni:
kinavimba, kinakohoa kuvu,
kurasa zinang'ang'aniana kama watoto waliosikia radi.
Mama alivikausha kando ya jiko la kuni,
akavigeuza kwa zamu, ubavu huu, ubavu ule,
kama mikate.

Baba hakuvisoma. Miaka sita
doa la kijivu lilikaa katikati ya macho yake
kama mgeni asiyejua kuaga.
Aliona kingo tu za dunia: fremu ya mlango, pazia,
sikio langu.

Mimi ndiye niliyenunua kishikwambi
na mimi ndiye niliyekichukia.
Hakina uzito wa kukaribia mwisho, nililalamika,
mkono wa kushoto haujui umekwisha beba mangapi.
Lakini mimi mtu wa maktaba ya manispaa,
karatasi imenilisha miaka ishirini na mitatu.
Nani angenipa kesi hii niamue?

Baba alizikuza herufi zikawa kama ng'ombe.
Maneno manne kwa ukurasa, mara nyingine matatu.
Alisoma usiku kucha, kidole kikigonga kioo
ndo, ndo, ndo, paa linalovuja,
na asubuhi, macho mekundu, bila haya:
"Karatasi iliacha kunisemesha zamani, Ismenia.
Hiki kinapayuka. Nakipenda."

Riwaya aliyoichagua ilikuwa ya Mama:
jangwa la kaskazini, machimbo ya chumvi,
watu wanaokunywa maji kwa mkopo.
Nakala ya karatasi ninayo mimi,
mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki.
Kila palipoandikwa mvua
Mama, mzaliwa wa mji usiokausha nguo,
alipiga mstari kwa penseli.
Labda ni mzaha. Labda aliwahurumia.
Ndani ya jalada la nyuma akaweka jumla,
maana mali bila daftari:
kumi na nne.

Nikamsimulia Baba. Akasema tafuta.
Nikaliandika neno, kioo kikawaza pumzi moja,
kikajibu kumi na saba.

Nje, simba wa baharini waligombana chini ya soko la samaki.
"Herminda hakukosea hesabu hata ya vitunguu," alisema Baba.
"Zitafute hizo tatu."

Tukaketi mezani, yeye na kioo, mimi na karatasi,
yeye akisoma kwa sauti, neno, neno,
mimi nikiwinda, vidole vikinuka moshi wa zamani.

Ya kwanza ilijibanza ukingoni mwa mstari,
mpiga chapa aliikata mwili: m-
vua. Jicho lenye haraka lingeiruka.
Ya pili ilizama chini ya doa la kahawa,
pale aliposinzia, nadhani, kikombe mkononi.
Ya tatu haikuwepo.

Baba alirudia sentensi. Haikuwepo.
Kisha nikahesabu namba za kurasa:
mia mbili na tatu ilifuata mia moja tisini na nane.
Nikachemsha birika, nikaleta mvuke na kisu cha siagi.
Karatasi ziliachana polepole, kwa mlio mdogo.
Ndani palikuwa peupe, peupe kabisa,
pasipo alama ya kidole.
Humo mchukuzi wa maji anakufa,
na mvua inapiga bati la jeneza lake.

Na Mama, miaka yote ile, akimenya viazi:
"Lakini yule mtu wa maji, alikwenda wapi?"

Baba aliomba penseli.
Nikamshika kifundo, nikamwelekeza, nikamwachia.
Mstari ukapotea njia, ukaangukia pambizoni,
chini ya mahali pasipo na neno.
"Nimelipata?"
"Umelipata."
Kishikwambi, kwa kuchoka kutungoja,
kilikuwa kimejizima.